Bunduki ya mazoezi ya baba mukwe: nilitaka kuifufua, nusura nirudishe muke

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni mumoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzao na kupita kimya kimya. Leo naandika juu (yaani kwa sababu) muke wangu amesema nisipoandika mimi, ataandika yeye, na ya kwake itakuwa mbaya zaidi.

Yote ni kweli tupu. Nilitafuta sehemu ambayo naonekana mwerevu ili niitangulize, sikuipata.

Kiswahili changu mukivumilie. Niko Nchelenge, upande wa Zambia, lakini mama yangu alitoka Pweto ng'ambo, donc hiki ni Kiswahili cha ziwani, kimepita Katanga kabla ya kunifikia. Maneno mengi ya kisa hiki yalisemwa kwa Kibemba, nayageuza tu.

Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti. Jenereta pia, na pikipiki kama mwenyewe hana haraka.

Ugonjwa wangu ni video za restoration.

Munazijua. Mutu anaokota shoka lililooza kwenye takataka, anasugua, anapaka mafuta, mwishoni linang'aa na muziki unapigwa. Hakuna anayeongea. Naweza kuziangalia mpaka simu izime chaji mkononi. Mwape, muke wangu, anasema ningetengeneza injini za wateja kwa moyo ule ule tungekuwa tumehama kwenye nyumba ya kupanga.

Basi baada ya kuangalia nyingi, nikaanza kujihesabu fundi wa vitu vya kale. Kitu nilichokuwa nimefufua mpaka siku hiyo ni pasi moja ya mkaa, na ilimwaga majivu kwenye shati langu la kanisani.

Sasa tuje kwa baba mukwe.

Ni mwalimu mustaafu, anakaa Kafutuma, na kila mutu anamwita Ba Ticha. Alifundisha Mwansabombwe miaka mingi. Shule yao zamani ilikuwa na klabu ya shabaha, na klabu ilipokufa, yeye alinunua bunduki moja waliyokuwa wakifundishia.

Ni ile ndogo ya .22. Kwa wasioijua, risasi yake ni nyembamba kama penseli, na pini inaigonga pembeni kwenye ukingo, si katikati kama za bunduki kubwa. Ni ya kufundishia watoto wa shule kupiga kopo. Sungura labda atakufa ukimpata vizuri, kiboko atakuuliza unatafuta nini.

Kabla hamjanirukia: leseni anayo, kwa jina lake, na anaitunza kuliko dawa zake za presha. Sharti lake ni moja. Bunduki haitoki nyumbani kwake, hata skrubu yake. Anayetaka kuitazama aitazame barazani, yeye mwenyewe akiwa amekaa pale.

Jumapili moja baada ya ibada nilimwonyesha video ya muzungu anayefufua bunduki ya aina hiyo hiyo. Muzee aliangalia mpaka mwisho bila kupepesa. Akanirudishia simu, akaniuliza kwa upole:

"Na weye, unaweza?"

Mutu mwenye akili hapo anasema, ngoja kwanza niione. Mimi nilisema, "Hiyo ni kazi ndogo, tata." Tata ni baba.

Bon. Hapa lazima niwaeleze kidogo juu ya ukwe wa huku, la sivyo hamutaelewa nilivyojichimbia shimo.

Kwetu mukwe ni mugeni wa kudumu. Mpaka wakubwa wa kike wamufanyie sherehe ya kumuingiza, haingii ndani ya nyumba ya wakwe. Anakula sahani yake nje, peke yake. Na mama mukwe haongei naye, wala yeye hamutazami usoni. Mimi tangu nioe sijaingizwa. Nikiuliza, mashangazi wa Mwape wanajibu kwamba bado wananiangalia.

Mama mukwe amepata njia yake. Akiwa na neno la kunifikia, anawaambia kuku. Anasimama uani na kusema kwa sauti, "Kuku wangu, ule mutu ameegesha pikipiki juu ya mboga," na mimi nasogeza pikipiki.

Jambo lingine: neno baya mukwe halisemi mbele ya baba mukwe uso kwa uso. Kama lipo, linapitia kwa mushenga, ule aliyekuja kukuombea muke. Huku tunamwita shibukombe. Kumbukeni huyo mutu, anakuja.

Basi nikaenda Kafutuma na brashi zangu, vitambaa, dizeli kwenye chupa, na kiburi.

Muzee alikuwa ameitoa kwenye blanketi na kuilaza mezani barazani, komeo wazi, tukahakikisha wote wawili kwamba haina kitu ndani. Hapo angalau tulifanya kama watu.

Kisha nikaanza ukaguzi.

Nilianza na mbao ya kitako. Wakuu, mbao ilikuwa nzuri jamani. Nyeusi ya uchafu, lakini ukipitisha kitambaa unaona mishipa yake myekundu chini, na pale shavu linapolala imelainishwa na mashavu ya watoto wa shule. Haina ufa wala mchwa. Niliizungusha kwenye mwanga, nikaguna kama daktari. Muzee naye akaguna.

Kisha mututu. Mtutu, kwa Kiswahili chenu. Kwa nje kutu imeutanda kama ukurutu. Kwa ndani niliweka karatasi nyeupe nyuma na tochi, nikachungulia kutoka mbele. Uchafu mwingi, lakini ile mistari ya kuzungusha risasi ipo, na sikuona uvimbe wala pete nyeusi inayoonyesha risasi iliwahi kukwama. Nikasema "structure iko fresh." Sijui nilimaanisha nini. Muzee alitikisa kichwa kwa heshima.

Na hapo, wakuu, nikatoa hukumu. Nilisema itapona.

Komeo sikuwa nimelitazama bado.

Komeo ni kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele, kinachoifungia risasi ndani. Ndicho peke yake kilichopo kati ya baruti na uso wako. Fundi anayejua anaanza hapo. Mimi nilianza na mbao juu mbao ndiyo inapendeza kwenye video.

Nilipolichomoa lilikuwa limevimba kwa kutu, na juu ya kutu kuna grisi ya zamani, na kwenye mukono wake kuna rangi nyeusi nzito iliyopakwa kwa brashi. Sikujiuliza juu ya nini mutu apake rangi pale tu. Nililimwagia dizeli, nikasugua, likabaki vile vile.

Wale wa kwenye video wana dawa za chupa za kula kutu. Nchelenge utazipata wapi?

Lakini sisi wa ziwani tuna dawa yetu. Kila aliyewahi kusahau kisu kwenye maji ya kulowekea mihogo anajua kwamba kisu kinatoka cheupe. Yale maji yakichacha yanakula kutu vizuri sana, na nilijiona nina akili kuliko bazungu wote wa YouTube.

Nyuma ya jiko la mama mukwe kulikuwa na pipa la bluu limejaa mihogo inalowa.

Njia sahihi ilikuwa kuchota maji kidogo kwenye kopo. Ila kopo lilikuwa jikoni, na jikoni alikuwemo mama mukwe, na mimi siwezi kumuomba kitu. Nikangoja mpaka alipotoka kwenda mazoezi ya kwaya. Nikalifunga komeo kwa uzi wa kuvulia, nikalishusha lote ndani ya pipa. Nilijiambia, kitu chenyewe kidogo hivi, pipa kubwa vile.

Nilisahau kwamba kitu chenyewe kidogo kilikuwa kinachuruzika dizeli na grisi.

Muzee nilimwambia limelala kwenye dawa. Hakuuliza dawa gani.

Kesho yake nilipofika, kabla sijazima pikipiki, nilisikia kuku wanaambiwa.

"Kuku wangu, kuna mutu ametia dizeli kwenye mihogo yangu. Mihogo ya nyumba nzima. Kama mutu amechoka kula kwetu, aseme tu, arudi kwa mama yake."

Mihogo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na harufu yake ilikuwa ya bandarini. Alikuwa ameimwaga nyuma ya uzio. Nguruwe wa jirani walikuja wakanusa, wakaondoka.

Hata kama ningekuwa na la kusema, nani wa kumuambia? Nilipiga magoti nikielekea upande wa kuku, nikapiga makofi ya kuomba radhi. Kuku walitawanyika. Yeye aliingia jikoni akafunga mulango.

Komeo lilikuwa juu ya jiwe, amelitupa pale na uzi wake.

Na limetakata, hilo siwezi kukana. Lilikuwa jeupe kama tumbo la samaki. Rangi nyeusi ya kwenye mukono ilikuwa imebanduka yote. Nikalisugua na mswaki, na hapo kwenye shina la mukono nikaona mstari wa manjano.

Shaba.

Ni ile shaba wanayochomelea fremu za baiskeli. Na kando ya shaba kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu shina lote. Niliusukuma mukono kwa kidole gumba, ukacheza.

Nikalirudisha juu ya jiwe polepole, kama yai.

Kwenye bunduki hii, mukono wa komeo ndio kufuli. Ukiushusha unaingia kwenye mfereji wake, na ndio unaozuia komeo lisirudi nyuma risasi inapolipuka. Hakuna kufuli nyingine. Mukono ukikatika wakati wa kupiga, komeo lote linakuja nyuma, na nyuma kuna jicho la anayelenga.

Na Ba Ticha ana jicho moja. La kushoto limefunikwa na ukungu siku nyingi. Anasomea Biblia na la kulia, anamuonea muke wake na la kulia, analengea na la kulia.

Kuchomelea mimi ni kazi yangu ya kila siku. Nimeunga vishikio vya injini vya kutosha kujua kipi kitarudi kimekatika. Hiki kilikuwa kinangoja tu.

Muzee akatoka ndani. Mkononi alikuwa na kakopo ka risasi, kale alikoficha kwenye sanduku la suti, na uso wake sijawahi kuuona vile. Alikuwa kama kijana tena. Akaniambia amewaalika wazee wenzake watatu wa zamani za shule, Jumamosi watapiga kopo hapa nyuma, kila mutu risasi moja moja, na yeye atafungua.

Akalichukua komeo, akaligeuza, akalirudisha kwenye bunduki. Likaingia laini, kwa mlio muzuri kabisa.

"Imepona?"

Na mimi, fundi, mutu mzima mwenye ndevu, nilijibu, "Inaendelea muzuri, tata."

Nikapanda pikipiki nikakimbia.

Nyumbani nilimweleza Mwape yote. Alikuwa anachambua chisense kwenye beseni, wale dagaa wetu. Akasema ni baba yake, mupigie simu umuambie itamtoa jicho, kwisha. Nikamwambia mukwe hawezi kumwambia baba mukwe kwamba kitu chake kimekufa, tena baada ya kumwambia kinapona, tena siku ambayo nimemuozeshea mama yako mihogo. Hiyo ni dharau juu ya dharau.

"Basi mutume Ba Musonda," akasema. "Si ndiye alikuja kuniomba mimi? Atashindwa kuomba komeo?"

Akacheka, akarudi kwa samaki wake.

Alikuwa ananitania. Hilo nimelijua baadaye. Mimi wakati ule niliona hekima tupu imetoka kinywani mwa muke wangu.

Ba Musonda ni mufanyabiashara wa samaki, anaenda Puta na kurudi. Ndiye alikuwa shibukombe wangu. Ni mutu wa taratibu sana. Nilimpata Ijumaa asubuhi, nikamweleza ufa, shaba, jicho, vyote. Akasikiliza kwa makini, akasema ni jambo zito na atalifikisha. Ila yeye haendi kwa watu mikono mitupu kama mudai, akataka sahani na kitambaa cheupe cha kufunika. Nikachukua sahani yetu ya maua kabatini, na kitambaa cha meza.

Akavaa koti. Akanieleza masharti yake: hafungui kinywa mpaka apewe kiti, maji, na wakubwa wote wa nyumba wakae. Nikamwambia sawa, mwendo ni wako. Moyo wangu ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza.

Tukaenda. Yeye akatangulia, mimi nikabaki nje ya uzio wa jirani, mahali ninaposikia bila kuonekana.

Sasa wakuu, nyinyi ambao mumekuwa mukisoma na akili zenu zote, mumeshaona. Mimi sikuona.

Mama mukwe alikuwa uani anapepeta. Anainua macho, anamuona shibukombe wa binti yake, koti, sahani, kitambaa cheupe, anapiga magoti langoni na kupiga makofi. Kwenye nyumba ambayo binti ameshaolewa. Siku moja baada ya yeye kusema mutu arudi kwa mama yake.

Mushenga harudi kwa wakwe na sahani bila sababu. Ama anataka muke mwingine humo humo, na mabinti pale wamekwisha, ama yule aliyechukuliwa anarudishwa.

Ungo ulianguka. Akamuuliza Ba Musonda kuna nini. Ba Musonda, mutu wa taratibu, akaonyesha kwa kidole kwamba bado hajapewa kiti.

Mama mukwe akalia. Hakulia kwa kuku, alilia kilio cha msibani, mikono kichwani, na majirani wakaanza kuja. Shangazi mmoja alikuwa ameshashika simu, anamwambia Mwape aje, bwana yako amekurudisha.

Mimi nyuma ya uzio nilisikia kilio tu.

Na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja. Muzee hakungoja Jumamosi. Amepiga. Mlio wa bunduki sikuusikia, lakini nani anakumbuka mambo ya mlio wakati mama mukwe wake analia vile?

Nikaruka uzio. Nikapita katikati ya watu, nikampita mama mukwe karibu kumgonga bega, nikampita Ba Musonda na sahani yake, nikaingia ndani. Ndani, wakuu. Nyumba ambayo sijawahi kukanyaga kizingiti chake tangu nioe. Nikaipita sebule nikigonga viti.

Ba Ticha alikuwa chumba cha pili, mzima, na fulana ya ndani, mukono mmoja kwenye shati. Alikuwa anatafuta vifungo juu mushenga hapokelewi na fulana. Bunduki ilikuwa ukutani.

Nilimshika mabega yote mawili.

"Usipige, tata. Imepasuka. Komeo limepasuka, itakutoa jicho. Nilijua toka jana."

Akanitazama. Nje kilio kilinyamaza, juu wote walikuwa wamesikia. Halafu katika ule ukimya tukamsikia Ba Musonda, nadhani mutu alikuwa amempa kiti hatimaye, anakohoa na kuanza hotuba yake toka mwanzo, kwamba tumetumwa na mukwe wenu, juu ya komeo.

Mwape alifika na pikipiki ya kukodi, magamba ya chisense mpaka kwenye viwiko. Alisimama katikati ya ua akauliza watu wote amerudishwa juu ya nini. Walipomueleza, akatazama mkononi mwa Ba Musonda.

"Na hiyo ni sahani yangu," akasema.

Majirani wale walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mukwe hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi niliyesimama kwenye mulango wake, upande wa ndani.

Muzee akawaomba wote watulie, akaniita mezani, akaleta bunduki. Akalichomoa komeo akaniwekea mbele. Nikamwonyesha ufa. Hakuinama kutazama.

"Ilikatika nikiwa bado nafundisha," akasema. "Fundi wa baiskeli akanichomelea, nikapaka rangi. Batoto sikuwapa tena. Nilipiga mimi peke yangu."

Nikamuuliza kama alijua siku zote.

"Minajua. Nilitaka kusikia mutu mwengine anasema imepona."

Na mimi nilimwambia itapona, kisha inaendelea muzuri. Mara mbili. Aibu niliyoisikia pale inashinda ya mihogo, ya uzio, na ya kila kitu humu. Muzee alikuwa ameniweka mahali pa mutu wa kumwambia ukweli, na mimi badala ya ukweli nilikuwa nimempa heshima ya mukwe.

Kisha akaniuliza swali gumu kuliko yote. Akauliza kama naweza kulichomelea upya, mimi mwenyewe, na mashine yangu.

Wakuu, naweza. Kwa sura, naweza kulifanya usione kabisa kwamba liliwahi kukatika. Ningelisugua, ningelipaka rangi, na angepiga kopo lake Jumamosi, labda lingeshika, labda lingeshika mwaka mzima. Na alikuwa ananiangalia na lile jicho lake.

"Hapana, tata."

Nilitegemea dari lianguke. Muzee akaingiza kifungo cha mwisho cha shati, akasema ataipeleka polisi, waichukue na leseni yake.

Nikadhani yameisha, nikainuka. Akanishika mukono.

"Lakini mbao umalize. Haitatoka kwangu na uchafu."

Basi nikafanya restoration yangu ya kwanza na ya mwisho ya bunduki. Ya bunduki inayokwenda kufa. Nilikaa naye barazani siku zile, yeye akisugua mtutu, mimi mbao, na mafuta ya mbao halisi niliyoagiza, sikuthubutu kutia mawese. Aliniambia majina ya watoto waliokuwa wanapiga vizuri. Mmoja sasa ni padri. Muziki haukupigwa, na nilifurahi kuliko kwenye video yoyote.

Ile Jumamosi yenyewe, kazi ya mbao ikiwa ndiyo kwanza inaanza, wazee wenzake walikuja, juu walishaalikwa. Aliwaeleza. Walikunywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kisha wakasimama mstari nyuma ya nyumba na kulirushia kopo mawe. Ba Ticha alikosa mara zote akasema ni upepo.

Polisi nilimsindikiza. Afisa aliyetupokea aliifungua ile blanketi, akapitisha mukono kwenye mbao, akashangaa. Akamuuliza muzee bunduki nzuri hivi mbona anaitoa.

Muzee akajiweka sawa kama yuko mbele ya darasa.

"Muulize mukwe wangu," akasema. "Nilimwomba, akanikatalia."

Afisa hakuelewa kwa nini anasema hivyo huku anatabasamu. Mimi nilitazama ukuta, juu macho yalikuwa yamejaa.

Funzo sasa, kama kawaida yetu.

Ukiitwa kukagua bunduki ya zamani, anza na kile kitakachokuwa karibu na uso wako. Mbao itakungoja. Ukiona rangi imepakwa mahali pamoja tu, uliza inaficha nini. Ufa kwenye komeo si project, usijaribu.

Maji ya mihogo yanafanya kazi, naapa. Chota kwenye kopo lako.

Na neno la kumuokoa mutu lipeleke kwa miguu yako mwenyewe, hata kama utaingia bila kuingizwa. Shibukombe ana kazi yake.

Mashangazi wamekaa kikao juu yangu. Wanabishana mukwe aliyejiingiza mwenyewe anafanyiwa sherehe gani, au atolewe kwanza ndipo aingizwe upya. Wenye desturi kama zetu wanishauri hapo chini, na wenye vitu vya zamani mulivyoviharibu muviweke nisijione peke yangu. Kucheka ruhusa, Mwape anasoma comments.

Ah, nilikuwa nasahau.

Siku tuliyotoka polisi nilikaa nje, mahali pangu pa siku zote, nikingoja sahani yangu. Haikuja. Meza ilikuwa imeandaliwa ndani, bukari (ndiyo ugali wenu), sahani ya muzee na nyingine ya pili. Mama mukwe akatoka uani, akasimama katikati ya kuku wake.

"Kuku wangu," akasema, "mwambieni ule fundi bukari inapoa. Na anawe mikono na sabuni. Mara mbili."